Nimempa Sinki Adui wa Baba

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Kwenye shamba letu juu ya Tregaron
maji ndiyo yaliyokuwa mazito.
Baba alipigana nayo miaka arobaini na miwili
kwa sepetu jembamba kama ulimi,
akichimba mitaro, akilaza mabomba ya udongo,
na kila Aprili mabua yakachomoza tena
kama ndevu alizokwisha kuzinyoa asubuhi.

"Brwyn," alitamka, kisha akatema mate.
Neno moja tu, na ndani yake deni la benki,
kondoo wenye kwato zilizooza,
mama akihesabu sarafu mezani mara ya pili
ati labda ya kwanza alikosea.

Leo mimi, Eluned, kitindamimba wake,
mwenye magoti mabovu na pensheni ya posta,
nimeyanunua.
Nimeyalipia! Pauni nne kichaka kimoja,
kwa bwana wa Lampeter aliyenifungia kwa gazeti
kama anayefunga samaki.

Sinki la kale la jikoni, lile jeupe la kauri,
nimelizika uani, ukingo sawa na nyasi.
Sepetu ni lile lile.
Mpini umelika pale kiganja chake kilipokaa;
changu hakikuingia, natumia kushoto.
Nikatia changarawe, na udongo fukara usiojua mbolea,
na matofali mawili, ngazi
ya yeyote atakayetumbukia akatamani kutoka.
Maji ya mvua tu. Ya bomba hualika ukoga.
Samaki, hapana:
samaki hula wageni kabla hawajabisha hodi.

Idwal akaegemea ukuta wa mawe unaotutenga.
"Mwaka huu brwyn," alisema. "Mwakani utapanda nini, upele?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimekata bua moja nikilichuna
kama Nain, mama yake baba, alivyonifundisha:
ondoa ganda la kijani,
acha ukanda mmoja uwe uti wa mgongo,
na ndani utaukuta uboho mweupe,
mwepesi hata vidole havisadiki.
Aliuchovya katika mafuta ya kondoo.
Uliwaka robo saa, ukanuka vibaya,
na kwa robo saa, usiku baada ya usiku,
alijifunza kusoma.
Sidhani kuna aliyepata kumwambia baba
kwamba mamake alisomea mwanga wa adui.

Mei, alfajiri, kitu cha rangi ya tope
kilitoka majini kikapanda bua.
Kikasimama. Kikapasuka mgongo.
Kereng'ende akajivuta nje, amekunjamana, mnyonge,
akakausha mbawa hadi chai yangu ikapoa,
akaenda.
Ngozi yake ingali imeshikilia pale, miguu sita,
kama hajaambiwa kwamba mwenyewe kaondoka.

Chura naye sijui alipitia wapi.
Mbele kuna lami, nyuma kuna reli iliyokufa.
Usiku kalunguyeye huja kunywa kwa kelele,
hana adabu hata kidogo, namsikiliza kitandani.

Kisha Julai ikakataa kunyesha.
Sinki likapungua upana wa mkono, kisha wa pili.
Pipa langu nililigonga, likanijibu kama ngoma.
Ncha za mabua zikageuka hudhurungi,
nami nikasimama pale na sepetu la mtu
aliyeuombea ukame huu maisha yake yote,
nisijue nimwombe nani.

Jioni lango likalia.
Idwal, ndoo mbili, za pipa lake mwenyewe,
shati limemlowa upande mmoja.
"Si kwa ajili ya hilo gugu," alisema.
"Ni kwa ajili ya chura. Kabichi zangu zinamjua."

Akapiga goti kwa shida, kwanza moja, kisha jingine,
akamimina ukingoni, taratibu,
asiitikise ile ngozi tupu.